Mpagazi Asiyepewa Jina

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Handeni alikuwa anachoma takataka nyuma ya nyumba yake, na upepo ukaleta moshi hadi barazani nilipokuwa nimekaa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Haukuwa moshi wa majani wala wa plastiki. Ulikuwa na ukali wa dawa, wa wino na gundi, na kabla sijajua ninakumbuka nini, pua yangu ilishanirudisha Korogwe, jikoni kwa Mama, mtaa wa Kwamndolwa. Jirani alikuwa anachoma majarida ya karatasi inayong'aa. Ningeweza kumwambia kwamba anajisumbua bure. Karatasi ile haishiki moto vizuri. Inajikunja, inakuwa nyeusi pembeni, inatoa moshi unaochoma macho, kisha inazima. Nalijua hilo vizuri, kwa sababu isingekuwa hivyo nisingekuwa na kitu cha kuwasimulia.

Karibu na kwetu alikuwa amepanga mwalimu wa kujitolea kutoka nje, kijana mrefu, mpole, aliyefundisha fizikia sekondari. Kiswahili alikuwa anakiokota huku na huku, na mtu mmoja alikuwa amemfundisha kwamba heshima ni kusema shikamoo. Basi akawa anaamkia kila mtu shikamoo, hata sisi watoto wa darasa la nne, nasi tukawa tunaitika marahaba bila aibu yoyote. Alipomaliza muda wake akagawa vitu vyake kwa majirani. Mama alipata sufuria mbili, chandarua, na katoni ya majarida. Alishukuru sana kwa sufuria. Katoni akaiweka karibu na jiko la mkaa, ya kuwashia moto.

Asubuhi yake akachukua jarida la kwanza, akachana kurasa, akawasha. Tulikohoa nyumba nzima. Chai ilichelewa, Baba akaondoka kwenda kazini na kiporo cha ugali, na Mama akaisukuma ile katoni kwa mguu hadi chumbani kwetu, chini ya kitanda, huku akisema haya magazeti hata kuungua hayataki.

Chumba hicho nilikuwa nalala na Dada Upendo. Upendo alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, kutoka Kwashemshi kule mlimani, aliyeletwa kwetu ili asome sekondari mjini. Kwao ni Walutheri, kwetu Baba alikuwa Mwislamu na Mama alibaki na kanisa lake, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sikukuu nyingi kuliko nyumba nyingine yoyote ya mtaa ule. Upendo alikuwa kidato cha tatu, alikuwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyopoteza kurasa za mwanzo. Maneno yote yaliyoanza na A alilazimika kuyakisia. Ndiye aliyevuta katoni kutoka chini ya kitanda, akafungua jarida la juu, akasoma akiwa amekunja uso, kisha akaniambia nikae.

Yalikuwa majarida ya mchezo ambao hatukuwahi kuusikia. Haukuwa wa mpira wala wa bao wala wa karata. Watu wanakaa pamoja, mmoja wao anasimulia nchi isiyokuwepo, na kila mmoja wa wengine anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo. Mmoja mwindaji, mwingine mganga, mwingine mwizi aliyeacha wizi. Msimulizi anawaambia wamefika mtoni, maji yamejaa. Wao wanasema watafanya nini. Jambo likiwa halina uhakika, kama vile kuvuka maji yenyewe, wanarusha dadu. Hakuna anayeshinda. Hadithi inakwenda mpaka watakapoamua imefika.

Shida ni kwamba majarida yale yaliandikwa kwa watu ambao tayari walikuwa na kitabu cha mchezo na dadu zenye pande nyingi. Sisi tulikuwa na majarida tu. Tulijifunza mchezo ule kama mtu anayefuatilia ugomvi wa wapangaji kupitia ukutani, tunaokota neno hapa na neno pale. Badala ya dadu, Upendo alikusanya visoda, vifuniko vya chupa za soda, akavichora namba kwa msumari, tukawa tunavitikisa ndani ya kopo la maziwa ya unga na kuchomoa kimoja bila kutazama. Mchezo wenyewe waliuita wa mezani. Kwetu meza ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya vyombo. Tulicheza kwenye mkeka.

Na kama ilivyo kwa wasomaji wote wa majarida, haikuchukua muda tukawa na maoni. Upendo alipenda kurasa za barua. Watu wazima wa nchi za mbali walikuwa wakigombana humo, kwa adabu ya juu juu, kama mtu aliyevaa kofia ya chuma anaweza kusikia nyayo nyuma yake. Upendo aliwajua kwa majina, alikuwa na aliowaunga mkono na aliowachukia, na alisikitika kwamba hatapata kujua nani alimjibu nani, kwa sababu matoleo yaliyofuata hayakuwa kwenye katoni. Mimi nilipenda ramani. Kulikuwa na ramani za milima na mapango zilizochorwa kwa wino mwembamba, na niliweza kuzitazama hadi niitwe mara ya pili kwenda kuosha vyombo. Sote wawili tulichoshwa na kurasa za kuchambua michezo mipya. Kusoma sifa za mchezo usioweza kuupata ni kama kukaa upande unakoelekea moshi wa pilau ya jirani. Na tulikubaliana kwamba watengenezaji wa majarida yale walikuwa wanapenda mazimwi kupita kiasi. Ukurasa mzima wa meno, nguvu na urefu wa mkia, na hakuna hata mstari mmoja wa kueleza zimwi lenyewe linataka nini.

Kilicho bora kuliko vyote kilikuwa kurasa za mwisho mwisho, ambako kila toleo lilikuwa na safari moja iliyoandikwa tayari, mwanzo hadi mwisho, ya kucheza. Hizo Upendo alizitafsiri, na alipozitafsiri alizihamisha. Theluji ikawa ukungu wa Usambara. Ngome ya mfalme ikawa nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge, iliyobaki kuta tu. Jioni baada ya kazi za nyumbani alisimulia, mimi nikacheza, na Mama naye akacheza huku anachambua maharage. Mama alikuwa mfanyabiashara wa ndizi katika kila safari, hakutaka kuwa kitu kingine, na hakupigana hata siku moja. Lilipotokea jitu lenye rungu, Mama aliliuliza limekula nini leo. Upendo alitafuta kwenye jarida jibu la swali hilo, hakulipata, ikabidi alibuni. Jitu lile liliishia kuwa mteja wetu.

Aliyetuharibia ni Mama Neema, jirani. Alikuja kuazima kinu akakuta jarida limefunuliwa kwenye ukurasa wa kiumbe chenye pembe na macho mekundu. Aliondoka na kinu, na jioni alimsubiri Baba njiani akamweleza kwamba nyumbani kwake watoto wanasoma vitabu vya kuitia mashetani.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mkonge. Alitoka Kwaluguru, upande wa Handeni, lakini alikuwa haendi kwao ila kwenye misiba, na hata huko akifika asubuhi jioni yuko njiani anarudi. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na unyamavu wake tuliuogopa kuliko viboko vya akina baba wengine. Jioni hiyo alikula, akanawa, akasema ameambiwa kuna magazeti. Upendo akaenda kuyaleta, akiwa ameyakumbatia kifuani kama mtu anayepeleka mtoto hospitali. Baba akafunua kurasa polepole. Alipofika kwenye pembe na macho mekundu alitazama kwa muda, akafunga.

Akasema kwamba kitu asichokielewa hakitupi. Jumamosi baada ya alasiri tutamwonyesha hayo mashetani yanaitwa kwa namna gani, na akiyaona, magazeti yatachimbiwa shimo.

Upendo alihangaika wiki nzima kutafuta safari isiyo na pembe. Akachagua moja ya nchi kavu. Wasafiri wanavuka mbuga yenye ukame kwenda kutafuta taji lililopotea kwenye magofu, na kuna kundi jingine nalo linalitafuta, kwa hiyo anayechelewa anakosa. Hakuna zimwi hata moja ndani yake. Adui ni jua.

Jumamosi Baba alikuja barazani amevaa shati safi, akavua viatu, akakaa mkekani. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Upendo akamwuliza atakuwa nani, akamweleza kuna wapiganaji, kuna wachawi wema, akajikwaa kwenye neno wachawi, akalimeza. Baba akasema atakuwa mtu anayetembea. Upendo akaandika hivyo hivyo. Mama akawa mfanyabiashara wa ndizi. Mimi nikawa binti mfalme mwenye upinde, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na moja.

Tukaanza. Mwanzoni Baba alijibu kwa neno moja moja. Kisha Upendo akaelezea mbuga, ardhi iliyopasuka, miti imebaki miiba, na Baba akamsahihisha. Akasema katika ukame wa namna hiyo hutembei mchana, unalala kwenye kivuli unatembea kuanzia jua likipoa, na maji huyanywi, unaloweka mdomo. Alisema bila kututazama. Upendo akafurahi, akayaingiza yote kwenye hadithi. Nikaona Baba amesogea mbele, ameweka viwiko magotini.

Tukafika mahali ambapo jarida lilisema mpagazi anaugua. Katika safari ile tulikuwa na mpagazi aliyebeba mizigo yetu, na hatukuwa tumemtaja tangu mwanzo. Upendo akasoma kwamba miguu yake imevimba na ana homa. Akatueleza chaguo letu. Tukimwacha kando ya njia na kibuyu cha maji, tutawahi taji. Tukimchukua, tutachelewa.

Nilisema tumwache. Nilitaka taji.

Baba akauliza, "Anaitwa nani?"

Upendo akatazama ukurasa, akageuza, akarudi nyuma. Akasema, "Baba Mkubwa, hana jina. Wameandika mpagazi tu. Wamesema si muhimu kwenye hadithi."

"Nani kasema si muhimu?"

"Gazeti."

Mama aliacha kuchambua maharage. Nakumbuka alimtazama Baba kwa namna ambayo sikuifahamu, akaweka mkono wake kwenye mkeka, karibu na goti lake, bila kumgusa. Kisha Baba akasema, "Huyu anaitwa Athumani. Nitambeba."

Upendo akamweleza, kwa heshima, kwamba sheria ya mchezo inataka kila hatua ya kumbeba mtu ichomolewe kisoda, na vikitoka vya namba ndogo atapoteza maji, kisha chakula, kisha nguvu. Baba akasema sawa. Akaingiza mkono kwenye kopo. Vikatoka vidogo. Akapoteza maji. Mama akampa ndizi zake zote, mzigo mzima wa biashara. Vikatoka vidogo tena. Mimi nilianza kununa, maana kundi jingine lilikuwa limeshalitwaa taji na Baba hata hakuuliza. Nikamwambia amweke chini kidogo apumzike. Akasema, "Simweki chini." Alisema taratibu, akaingiza tena mkono kwenye kopo.

Upendo alikuwa na sheria mkononi. Kwa mujibu wa jarida, mtu aliyefikia hali ile alikuwa ameshakufa, yeye na aliyembeba. Nilimwona anasoma, nikamwona anafunga jarida na kuliweka chini ya paja lake. Akasema mbele kuna mji. Kuna mwanamke anachota maji, amewaona, anakuja mbio.

Baba akashusha pumzi. Akauliza kama Athumani amekunywa. Upendo akasema amekunywa, amelala, homa inashuka. Baba akaitika kwa kichwa mara kadhaa, akavaa viatu, akasimama. Sisi watoto tukabaki tunamtazama, tukingoja hukumu ya magazeti.

"Shetani sijamwona humu," akasema. "Nilichokiona ni uvivu. Mtu anaweka watu kwenye hadithi yake halafu anashindwa kuwapa majina." Akaenda msikitini.

Kwa hiyo magazeti yakabaki, na Mama Neema akarudishiwa jibu la adabu. Lakini mimi nilikasirika siku nyingi. Nilimwambia Upendo kwamba Baba hajui kucheza, ametukosesha taji kwa ajili ya mtu wa karatasi. Upendo, ambaye kwa kawaida alipenda ubishi, alifungua jarida akaendelea kusoma.

Wiki chache baadaye Baba aliomba ruhusa kazini akapanda basi kwenda Handeni. Mama alituambia amekwenda kuangalia mahindi, nasi tukaamini. Alikaa huko siku nyingi kuliko alivyowahi kukaa kwenye msiba wowote. Aliporudi hakuwa na mahindi, na hakuna aliyeuliza. Na Idi iliyofuata tukapata mgeni. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye fimbo na mashuka mekundu begani juu ya kanzu, na tukaambiwa tumwamkie, ni Baba Mdogo. Alisema Kiswahili kwa lafudhi ya wafugaji, akapenda chai yenye maziwa mengi, na alipopita kwenye zizi la jirani aliwasemesha ng'ombe kwanza ndipo akamsemesha mwenye ng'ombe. Baba alimpokea stendi akambebea begi hadi nyumbani. Niliomba nilibebe mimi, nikakataliwa. Wakati wa kula Baba ndiye aliyemnawisha mikono, kazi ambayo siku zote ilikuwa yetu watoto, na Mama akageukia ukutani akajifuta macho kwa kanga, nikadhani ni vitunguu.

Alikuwa anaitwa Athumani. Mtaniuliza ilikuwaje nisiunganishe. Lakini mwenye duka pale kona alikuwa Athumani, na mwalimu wa madrasa alikuwa Athumani, na darasani tulikuwa na Athumani wawili. Kwangu yule alikuwa ndugu mwingine wa Handeni, na ndugu wa Handeni hawaishi.

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, kwenye msiba wa bibi kule Kwaluguru. Tulikuwa tunapepeta mchele na shangazi yangu, dada yao mkubwa, akanieleza kana kwamba anaeleza jambo ninalolijua. Mwaka wa njaa mama yao aliwatuma wavulana wawili waende kwa miguu Korogwe, kwa mjomba aliyekuwa kwenye mkonge. Baba yangu ndiye mkubwa. Njiani mdogo wake akavimba miguu, akashikwa na homa. Wakafika kwenye boma la wafugaji, nao wakasema mwache mtoto huyu hapa apone, wewe nenda ukirudi utamchukua. Baba akaenda. Aliporudi baada ya mvua alikuta boma tupu. Wafugaji walikuwa wamehama na mifugo yao, na mtoto wamehama naye. Aliuliza, akatafuta, akachoka, akarudi kwenye mitambo. Miaka ikapita. Baadaye watu wakaanza kumletea habari kwamba kuna Athumani Mzigua anaishi na wafugaji huko mbele ya Handeni. Alizisikia habari hizo mara nyingi. Hakwenda.

Nilimpigia simu Upendo, ambaye sasa ni muuguzi Tanga. Nikamwambia nimepata habari kubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema yeye alijua siku ile ile mgeni alipoingia uani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani siku nitakapokuwa tayari kujua nitajua mwenyewe, kisha akacheka kidogo, akasema hakufikiri itachukua muda wote huo.

Leo nasoma majarida ya mchezo ule kwenye simu, na Ijumaa mchana nina kikundi cha wanafunzi tunaocheza nao darasani, kwenye meza halisi. Majarida ya siku hizi yana picha nzuri mno. Mazimwi yana meno yale yale. Waandishi wake wana ushauri mwingi wa kumpa msimulizi, wanajua taa ziweje na muziki uweje, na bado nikifika kwenye safari nakuta mlinzi wa lango, mwenye nyumba ya wageni, mpagazi. Huwa nachukua kalamu kabla hatujaanza, nawapa majina. Wanafunzi wananitania kwamba mwalimu anapoteza muda kwa watu wanaopita tu.

Nilipokuwa mtoto niliona mtu mzima asiyejua mchezo akipoteza taji kwa ukaidi. Sikujua kwamba barazani kwetu, mbele ya mke wake na watoto, mtu yule alikuwa anatembea tena njia ile ile, na safari hii hamweki mtu chini. Mama alijua. Upendo alikisia, kama alivyozoea kukisia maneno yenye herufi A. Ni mimi tu niliyekuwa na upinde mkononi nikitazama upande mwingine.

Mwaka jana nilimwuliza Baba, ambaye sasa ni mzee, kilichomfanya apande basi wakati ule, baada ya kusikia zile habari kwa miaka yote. Akasema alikuwa anaamini kwamba akirudi kumtazama Athumani usoni atakufa kwa aibu. "Siku ile nilimbeba," akasema, "nikapoteza kila kitu, halafu nikavaa viatu vyangu nikaenda kuswali. Nikaona kumbe mtu hafi."

Kisha akaniambia niongeze maziwa kwenye chai, na nisiiondoe jikoni, maana mdogo wake yuko njiani anakuja.